Mpira Uko Wapi?

Walimwita Chiriku kabla hajabadilisha meno, na aliyempa jina hilo hakumsingizia. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alianza kuongea kabla ya kutembea, na alipojua kutembea, basi ikawa anatembea huku anaongea. Ukimtuma dukani, atarudi na sukari pamoja na habari za watu wote waliokuwa kwenye foleni: nani kavaa nini, nani kanuna, nani kajifanya hakumwona nani.

Sasa mtu wa namna hiyo maisha yakampeleka wapi? Kiwanda cha vigae. Kitengo cha ukaguzi, pembeni ya tanuri, mahali ambapo mashine hunguruma tangu asubuhi mpaka jioni na kila mfanyakazi huvaa vifuniko vya masikio vikubwa kama vikombe. Huko ukitaka maji unaonyesha kwa kidole, na ukitaka kucheka unacheka peke yako. Vigae vilipita mbele yake juu ya mkanda, vyeupe, vya kijivu, vya bluu, na yeye kazi yake ilikuwa kuvitazama tu. Chenye ufa mwembamba kama unywele, anakitoa. Chenye doa, anakitoa. Jicho lake lilikuwa kali kama wembe, na kwa miaka yote aliyokaa pale hakuna kigae kibovu kilichompita kikafika kwenye boksi.

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa siku meneja alipomwita ofisini na kumwambia kwamba wanataka awe msimamizi wa zamu. Aende akafikirie, arudi na jibu mwisho wa mwezi.

Nyumbani ilikuwa sherehe. Mumewe, fundi wa friji, mwanamume mzima mwenye kitambi chake, alipiga vigelegele kama mama wa bibi harusi. Watoto wakaruka juu ya kochi. Baba mkwe wake, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, alinyoosha mikono akiutafuta uso wake, akaushika, akasema, "Mwanangu, hongera sana. Umewatoa jasho wanaume."

Chiriku akatabasamu, akashukuru, akaenda jikoni. Akasimama mbele ya sinki akisubiri furaha imfikie. Haikuja. Alijaribu hata kuisukuma: msimamizi wa zamu! Ofisi yenye kiti! Jina mlangoni! Lakini ndani yake palikuwa kimya, kimya kama kiwandani siku ya umeme kukatika.

*

Mtu wa kwanza kuambiwa jambo hilo alikuwa wifi yake. Dada huyu wa mumewe alikuwa karani wa bima kwa miaka mingi, kisha akaacha akajiunga na kozi ya ushauri nasaha, na sasa alikuwa katika kipindi cha mazoezi. Alitakiwa kupata mtu wa kukaa naye, amsaidie kujitazama kwa maswali, kisha aripoti kwa mkufunzi wake jinsi ilivyokwenda. Wote aliowaomba walikuwa wamemkimbia.

"Wifi, umeletwa na Mungu," alisema baada ya kumsikiliza. "Wewe ndiye mgonjwa wangu."

"Mgonjwa nani? Mimi naumwa nini?"

"Samahani, tumekatazwa kusema mgonjwa. Wewe ndiye mteja wangu."

"Afadhali. Na mteja ni mfalme, kwa hiyo lete chai."

Wakakaa sebuleni kwa wifi, Jumamosi asubuhi, simu zimezimwa, mlango umefungwa. Jirani wa juu alikuwa akitoboa ukuta kwa drili, akipumzika, akitoboa tena. Wifi alivuta pumzi, akaweka mikono mapajani kama alivyofundishwa, akajaribu kuvaa uso wa kitaalamu. Chiriku akaangua kicheko.

"Usinicheke, nitafeli. Sikiliza. Sheria ni hii: mimi nauliza tu. Sikupi ushauri, sikuambii la kufanya. Jibu ni lako. Na ukinyamaza, nami nanyamaza."

"Wewe? Unyamaze?"

"Ndiyo mtihani wenyewe huo. Haya. Lini mara ya mwisho ulifanya kitu mpaka ukasahau kula?"

Chiriku akajibu upesi, kama kawaida yake. "Mtoto alipolazwa."

"Hiyo ni hofu. Nauliza kwa raha. Kitu kilichokuchukua mzima mzima, ukasahau njaa, ukasahau saa, ukasahau hata kwamba miguu inauma."

Chiriku akajaribu kukumbuka. Drili ikalia juu. Akafikiria kiwanda, mkanda, vigae. Akafikiria kanisa, vikao vya wazazi shuleni, harusi alizosaidia kupanga. Vitu vizuri vyote, lakini katika vyote alikuwa akitazama saa. Wifi naye alikuwa amekaa kimya, amejikaza mpaka mshipa umemtoka shingoni, maana ushauri ulikuwa umemjaa mdomoni kama maji.

"Sijui," Chiriku akasema mwishowe, na sauti yake mwenyewe ikamshtua. "Wifi, kweli sijui. Mbona hiyo inatisha?"

"Sina ruhusa ya kukujibu," alisema wifi, kisha akashindwa. "Inatisha, ndiyo. Mimi niliulizwa hivyohivyo nikalia mbele ya darasa zima." Akajipiga kofi la mkono. "Hilo usilihesabu. Haya, kazi ya nyumbani. Wiki hii usitafute chochote. Ila mwili wako ukiamka, damu ikienda mbio kwa raha hata kwa dakika moja, simama ujiulize: nilikuwa nafanya nini hapa?"

*

Siku tatu zikapita na mwili haukuamka hata kidogo, ila asubuhi kwa sababu ya kengele ya simu.

Siku ya nne kulikuwa na mechi. Klabu ya mji wao ilikuwa ikicheza ugenini. Baba mkwe alikuwa ameegemeza redio sikioni tangu kabla ya timu kuingia uwanjani. Mzee huyu aliendesha malori makubwa maisha yake yote, na kila alipokuwa hayuko safarini alikuwa uwanjani. Tangu ujana wake alikuwa na sehemu yake jukwaani, na watu waliijua. Kisha presha ya macho ikamchukulia nuru kidogo kidogo, kutoka pembeni kuja katikati, mpaka siku moja hapakuwa na kitu. Kuanzia hapo hakwenda tena uwanjani. Alisema amechoka na kelele. Hakuna aliyemwamini, lakini hakuna aliyembishia.

"Huyu mtangazaji ana wazimu," alisema sasa, akiitikisa redio kana kwamba ataitoa maneno. "Anatusimulia habari za mama wa mshambuliaji, jinsi alivyomlea kwa shida. Mimi namheshimu huyo mama. Lakini mpira uko wapi?"

Chiriku alikuwa jikoni, wali uko motoni. Kupitia mlangoni aliiona televisheni sebuleni. Watoto walikuwa wameizima sauti ili wasigombane na redio ya babu.

"Uko kulia kwetu, Baba," akasema. "Beki wetu anao. Yule mrefu mwenye mikono kama matanga. Anatafuta wa kumpa, hapati, anarudisha kwa kipa."

Mzee akageuza kichwa. Akashusha redio. "Halafu?"

"Kipa hataki hata kuupooza. Kaupiga mbele, mrefu, unakwenda, unakwenda, kati ya uwanja wanagongana vichwa wawili, umeanguka kwa mfupi wetu. Anageuka. Baba, anageuka vizuri! Kampita mmoja. Wa pili anakuja na miguu miwili, kamruka!"

"Winga yuko wapi? Winga wa kushoto?"

"Kashika chaki ya mstari kabisa, mikono juu, anaomba. Hakuna mtu kwake, amebaki peke yake. Mfupi hamwoni. Hamwoni. Kamwona! Pasi imetoka, winga anao, anakimbia, beki wao amechelewa, shati limemtoka kwenye bukta…"

Alikuwa ameshatoka jikoni bila kujua. Alikuwa amesimama katikati ya sebule, kijiko cha wali mkononi, akikielekeza huku na huku, na mzee ameinuka nusu kwenye kiti chake, mikono imeshika viegemeo, uso unaelekea mahali hasa penye lango katika kichwa chake. Watoto waliacha kutazama televisheni wakawa wanamtazama mama yao. Goli halikuingia, mpira uligonga mwamba, na Chiriku na baba mkwe wake walipiga kelele kwa sauti moja.

Harufu ndiyo iliyowazindua. Mumewe aliingia kutoka kazini, begi la spana begani, akafuata moshi mpaka jikoni, akatoka na sufuria nyeusi tititi.

"Kulikuwa na nini humu? Moto?"

"Tulipiga mwamba," alisema mzee, machozi ya kicheko yakimtoka.

Chiriku akaitazama ile sufuria. Akatazama kijiko kilichokuwa bado mkononi mwake. Moyo ulikuwa unamdunda mpaka masikioni. Hakuwa amekula tangu asubuhi, na tumbo halikumwambia kitu. Akasimama, kama alivyoambiwa, akajiuliza: nilikuwa nafanya nini hapa?

Hakungoja Jumamosi. Alimpigia wifi yake palepale. "Nimeunguza wali!" akapiga kelele.

"Pole, wifi…"

"Pole ya nini? Nimeunguza wali, hujanielewa? Nimeunguza wali!"

*

Safari hii wifi hakuvaa uso wa kitaalamu; alikuwa amevaa uso wa mtu anayetaka kusikia umbea. Lakini alipomaliza kusikiliza alituliza mikono tena, akasema, "Funga macho. Rudi nyuma. Rudi mpaka utotoni. Kabla ya kiwanda, kabla ya mume. Nipeleke siku moja uliyokuwa hivyohivyo."

Chiriku akafumba macho. Mara ya kwanza aliona giza tu na kujisikia mjinga. Kisha picha ikaja yenyewe, bila kuitwa, na mwanga wake wote.

"Kuna ukuta," akasema polepole. "Shule ya jirani walikuwa na kiwanja kizuri, na ukuta mrefu wa matofali kukizunguka, na sisi hatukuruhusiwa kuingia. Mimi nilijua kupanda. Nilikuwa napanda nakaa juu, miguu huku na huku. Wengine wote wako chini, hawaoni kitu, hata wakubwa, hata kaka zangu. Nami nawaambia. Nawaambia kila kitu: mpira uko wapi, nani kaanguka, refa ana kiatu kimoja kimefunguka kamba. Na wanacheka, wifi. Wanapiga kelele. Nikisema goli wanakumbatiana. Mimi nimekaa juu, nina watu wote hawa chini, na wanaona. Wanaona kwa sababu yangu. Mlinzi alinishusha akanichapa, na mama naye akanichapa. Kesho yake nikapanda tena."

Wifi akanyamaza. Alinyamaza vizuri safari hii, bila mshipa kutoka shingoni.

"Kilikuwa kinakupa raha nini hasa?" akauliza baadaye, kwa upole. "Mpira?"

"Wala! Mpira wenyewe sikuujali. Hata leo siujali sana, usimwambie Baba." Akafumbua macho. Yalikuwa yamejaa maji, lakini alikuwa anatabasamu mpaka mashavu yanamuuma. "Ni ile hali ya mtu kuwa haoni, halafu anaona. Mimi naongea, na usoni mwake naiona picha inaingia. Wifi, watu wamenicheka kwa mdomo huu tangu nizaliwe. Mwalimu, mama, kaka yako. Nami nikaamini ni ugonjwa. Nikaenda kujificha mahali ambapo hata ukiongea husikiki!"

"Na sasa hivi," alisema wifi, "wako wapi waliobaki chini ya ukuta?"

Chiriku akaruka kutoka kwenye kochi kama aliyekalia pini. Akazunguka meza. Akazunguka tena. "Baba," akasema. "Baba kwanza. Lakini si yeye peke yake, ni wangapi mji huu? Wanaosikiliza redio wakiuliza mpira uko wapi?"

Wifi alikuwa ameng'ata mdomo wa chini asije akasema neno. Hakuhitaji kusema. Mteja wake alikuwa ameshavaa kiatu kimoja na anakitafuta cha pili.

*

Ofisi ya klabu ilikuwa chini ya jukwaa, chumba chembamba kinachonuka chokaa na jezi mbichi. Katibu, mwanamume mwenye miwani iliyopandishwa kwenye kipara, alimsikiliza huku akihesabu mipira kwenye wavu.

"Samahani, mama, sijakuelewa. Watu wasioona wanakuja mpirani kuona nini?"

"Mpira," alisema Chiriku. "Macho nawapa mimi."

Katibu akaacha kuhesabu. Akashusha miwani akamtazama. Chiriku, kwa kuwa kimya kilimshinda, akageukia dirisha dogo lililotazama uwanja, ambako vijana wa akiba walikuwa mazoezini, akaanza kumsimulia katibu kile kilichokuwa mgongoni mwake: nani anakimbia, nani anajifanya kukimbia, nani kamficha mwenzake chupa ya maji nyuma ya nguzo ya goli na sasa anatazama mawingu kama malaika. Katibu hakugeuka. Alisikiliza akiwa ameupa uwanja kisogo, mkono juu ya mpira, na tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo likahamia upande wa pili.

"Jumamosi," akasema. "Mstari wa juu, upande wa kusini. Msiwasumbue wengine."

Kazi ngumu ilikuwa nyumbani. Baba mkwe alikataa katakata.

"Nikafanye nini kule? Nikaongozwe mkono kama mtoto mbele ya watu wanaonijua? Hapana, mwanangu. Nakushukuru, lakini hapana."

Chiriku, ambaye hakuwahi kukosa neno, alitaka kumwaga sababu zake zote. Akakumbuka jinsi wifi yake alivyokuwa akikaa. Akavuta kigoda, akakaa karibu na miguu ya mzee, akaweka mikono mapajani.

"Baba, unakumbuka nini zaidi cha kule?"

Kimya. Akakiacha. Kilikuwa kirefu, na ulimi ulimuwasha kupita kiasi.

"Ule wakati," mzee akasema mwishowe, "kabla mpira haujaingia. Watu wote wanavuta pumzi pamoja. Redioni hausikiki. Lazima uwe pale, umo katikati yao." Akapangusa magoti yake yasiyo na vumbi. "Saa ngapi tunaondoka?"

*

Waliketi mstari wa juu, Chiriku amesimama nyuma yao, vichwa vitatu mbele yake. Kushoto alikaa opereta wa simu wa hospitali ya mji, mwanamke mwenye kicheko kikubwa, asiyeona tangu kuzaliwa na asiyewahi kukanyaga uwanja wa mpira. Kulia alikaa mwalimu mstaafu wa historia, naye haoni; wote wawili walikuwa wameitikia mwaliko wa Chiriku. Katikati baba mkwe, amevaa jezi ya zamani iliyokuwa imembana tumboni. Wifi alikuwa amewapitisha getini mmoja mmoja, akisema "ngazi, ngazi, ngazi" kama kondakta, na sasa alikuwa amekaa pembeni, magoti yanamcheza kuliko ya wachezaji.

Filimbi ikalia, na Chiriku akaharibu.

Aliona vingi mno. Alitaka kuwapa vyote: rangi ya majani, bendera, mwanamke mwenye mwavuli mwekundu, jinsi kocha wao alivyofunga tai vibaya. Alikuwa bado kwenye tai uwanja mzima ulipolipuka kwa mayowe.

"Nini? Nini?" akauliza mwalimu.

"Kipa wao karuka katoa, ilikuwa nusura…"

"Umechelewa!" alisema baba mkwe, bila kumwonea haya. "Uwanja umeshajua, sisi bado. Unatuacha nyuma, mwanangu. Kwanza mpira. Tai baadaye."

Chiriku akahisi uso umewaka moto. Mbele yake wale wengine walikuwa wameinamisha vichwa kwa adabu, kama wageni waliopewa chai ya baridi. Kwa nukta chache akatamani vifuniko vyake vya masikio, mkanda, vigae. Kisha akavuta pumzi. Akautazama uwanja kama alivyotazama mkanda: asishike kila kitu, ashike kile kinachokuja.

"Mpira kwetu," akasema. "Katikati. Mfupi anao, uso kwetu. Pasi kushoto, fupi. Imerudi. Kulia sasa, ndefu, iko hewani… imeshuka kifuani kwa beki. Anapanda nayo."

Vichwa vitatu vikainuka.

Akashika mwendo. Ukipoa mpira, aliwapa mengine: mwamuzi anafuta jasho kwa mkono wa shati, benchi la wageni wanagombana, kuna mbwa kaingia nyuma ya goli na askari anamkimbiza, mbwa anaongoza. Opereta wa simu alicheka mpaka akamshika mwalimu bega. Ukichemka mpira, sentensi zake zikawa fupi, zikawa maneno, zikawa pumzi. Watu wa mstari wa chini walianza kugeuka. Mmoja akataka kumwambia anyamaze, akasikiliza kidogo, akasogea karibu zaidi.

Kipindi cha pili, magoli sifuri kwa sifuri, jua limeanza kuegemea, mfupi aliupata mpira akiwa ameupa lango mgongo. Uwanja ulikuwa umelegea, watu wengine wakitafuta karanga zao mfukoni. Lakini Chiriku hakuwa akimtazama mfupi. Alimwona winga, upande ule wa mbali kabisa, akiinua kisigino.

"Winga wa kushoto anaondoka," akasema kwa sauti ya chini, na sauti ile ya chini iliwashika kuliko mayowe. "Hakuna anayemwona. Anaondoka. Beki amelala. Mfupi ageuke tu. Ageuke. Amegeuka!"

Wote watatu walisimama. Walisimama wakati uwanja mzima bado umekaa. Mzee mwenye jezi ya kubana, mwalimu na opereta, wamesimama peke yao juu ya jukwaa la kusini, nyuso mbele, pumzi zimekatika, na watu waliokuwa karibu wakawatazama kwa mshangao: hawa wameona nini sisi hatujaona?

"Pasi imepita kati ya wawili. Winga anao! Ndani ya boksi, kipa anatoka, anatoka, kaupiga—"

Hapo ndipo maelfu yale ya watu yakavuta pumzi pamoja. Chiriku alimwona baba mkwe wake akiisikia, akiwa katikati yao, kinywa wazi, mikono imenyooka kama anayepokea mtoto.

"Goli!"

Hakuisikia sauti yake. Hakuna aliyesikia sauti ya mtu. Opereta wa simu alikuwa amemkumbatia mwalimu, mwalimu amemkumbatia mtu wa mstari wa chini asiyemjua, wifi analia huku anaruka, utaalamu wote ameutupa kule. Baba mkwe aligeuka, akanyoosha mikono nyuma, akaupata uso wa Chiriku, akaushika kwa viganja viwili.

"Nimeona," akasema. "Mwanangu, nimeliona. Liliingia kona ya chini, kulia kwa kipa. Sivyo?"

"Ndivyo, Baba." Na ndivyo ilivyokuwa, ingawa alikuwa bado hajamwambia.

*

Mumewe aliwapokea mlangoni. Baba yake hakuwa na sauti iliyobaki, lakini alimsimulia mechi nzima kwa mnong'ono na kwa mikono, kuanzia filimbi ya kwanza hadi mbwa. Fundi friji alisikiliza amesimama, taulo begani. Alipomaliza kusikiliza alimfuata mkewe chumbani.

"Sijamwona hivi tangu macho yalipokwenda," akasema. Akakaa kitandani, akajikuna kichwa. "Msimamizi wa zamu anafanya kazi Jumamosi, si ndiyo?"

"Ndiyo. Kila Jumamosi."

"Basi." Akapiga magoti yake kofi. "Nilishawatangazia mafundi wote kwamba nimeoa bosi. Nitajua la kuwaambia."

Meneja wa kiwanda alimsikiliza kwa makini, maana alikuwa mtu wa haki, lakini hakuelewa mpaka mwisho. "Unabaki pale pale kwenye mkanda? Kwa hiari yako? Kwani Jumamosi kuna nini?"

"Kuna mpira."

"Nawe ni mchezaji?"

"Hapana, bosi. Mimi ni mdomo."

Alirudi kwenye mkanda, akavaa vifuniko vyake. Vigae vikapita. Kile kimya kilichokuwa kikimla kwa miaka kilikuwa kimegeuka. Sasa kilikuwa mahali pa kufanyia mazoezi. Midomo ilikuwa ikimcheza siku nzima. Cheupe, safi. Cheupe, safi. Cha kijivu kutoka kushoto, kina ufa kwenye kona, ninakitoa! Wenzake waliona midomo inakwenda, wakatazamana, wakacheka.

Jumamosi iliyofuata waliokuja walikuwa saba. Iliyofuata tena, mstari wa juu haukutosha, na katibu mwenyewe alipanda jukwaani akiwahamisha watu kwa kuwaomba. Mmoja wa mafundi mitambo wa uwanja akaanza kuuliza kama haiwezekani kumpa yule mama kipaza sauti kidogo, na wasikilizaji wake redio ndogo za sikioni, ili asimalize koo. Wifi alifaulu mazoezi yake. Mkufunzi aliandika kwamba anazungumza kupita kiasi lakini matokeo yake yanaonekana kwa macho, na wifi aliisoma sentensi hiyo kwa sauti kwa kila aliyetaka kusikia na asiyetaka.

Kisha, jioni moja, wakati Chiriku anatoka zamu, simu ikaita. Alikuwa opereta wa simu.

"Mama Macho," alisema, maana ndivyo wale wa jukwaani walivyokuwa wameanza kumwita, "mpira mwezi huu nitaukosa. Binti yangu anaolewa. Sijawahi kumwona, unajua. Namjua kwa sauti, kwa nywele, kwa hatua zake. Nataka siku hiyo uketi nyuma yangu. Niambie anaingiaje. Niambie gauni, niambie uso wa bwana harusi anapomwona. Usiniache nyuma ya watu. Wakilia, nataka niwe nimeshalia mimi kwanza. Utaweza?"

Chiriku alikuwa amesimama nje ya geti la kiwanda, vumbi jeupe la vigae nywelani, wenzake wakimpita kushoto na kulia wakikimbilia nyumbani. Moyo ukaanza kumwenda mbio.

"Nitaweza," akasema. "Lakini lazima nije kesho nimwone binti mwenyewe, nimsome anavyotembea. Na kanisani nataka kujua anapita mlango gani. Na maua, nani anashughulika na maua? Ngoja, usikate, nimepata swali lingine…"

Akaendelea kuuliza akiwa amesahau kabisa kwamba alikuwa anakwenda nyumbani.